Femmetje na Mateka Wawili wa Hackensack

Femmetje Kuyper alikuwa mkunga wetu hapa Hackensack kwa miaka ishirini na sita. Vita vilipotugawa, sisi tukawa waasi waliotaka uhuru na watu wa ng'ambo ya mto wakabaki na Mfalme, yeye aliendelea kuvuka bila kupigwa risasi, kwa sababu wajawazito walikuwa pande zote mbili. Ndiyo maana kanali wetu alipotaka kubadilishana mateka, barua na bendera nyeupe alimkabidhi yeye.

Walikubaliana risasi zisilie hadi saa sita mchana. Sisi tungerudisha wawili, nao wawili: Dirck, mkwe wake Femmetje, mume wa binti yake Lysbet, na jirani yetu Abram Demott.

Mto ulikuwa umeganda. Femmetje alitangulia, nyuma yake mzee Hendrick na ngoma yake, kisha mateka mmoja tu. Wa pili alikuwa amekufa kwa homa alfajiri ile.

"Sema yuko nyuma, anachechemea," Hendrick alimnong'oneza. "Wakigundua, tumeshaondoka na watu wetu."

"Na siku nyingine nikija, nani ataniamini?"

"Mama, Dirck yuko pale."

"Najua mkwe wangu aliko. Wewe piga ngoma."

Hendrick akapiga, lakini mapigo yakapishana. Ukingoni bunduki kumi na mbili ziliwaelekea. Kapteni Lent wa upande wa Mfalme akateremka kwenye barafu. Pacha wake wawili walizaliwa mikononi mwa Femmetje.

"Namwona mmoja, Mama Femmetje."

"Mwingine amefariki leo. Homa. Nimemfumba macho mimi mwenyewe."

"Wamemuua hao," askari mmoja akasema, akakoki bunduki.

Femmetje hakurudi nyuma.

"Kapteni, ningetaka kukudanganya ningeshakudanganya."

Lent akamwashiria askari ashushe bunduki. "Basi mmoja kwa mmoja. Chagua upesi, saa sita hiyo inakuja."

Mateka wetu wakaletwa. Abram alishikiliwa na watu wawili, midomo imemkauka, hata hakumtambua Femmetje. Dirck alisimama mwenyewe.

"Mama, Lysbet hajambo?"

"Hajambo. Bado mwezi mmoja ajifungue."

Femmetje akamshika Abram kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo. Yalikuwa dhaifu mno; aliyasikiliza mara mbili, akiomba awe amekosea.

"Nipeni huyu," akasema.

Dirck akapiga hatua moja mbele. "Mama, mimi ni mzima leo tu. Kesho sijui."

Femmetje na Hendrick walimburuta Abram juu ya ubao wa kuteleza barafuni, saa sita ikapita, na risasi ya kwanza ililia kabla hawajaufikia ukingo wetu.

Abram alipona, akalima masika yale. Lysbet alimfungia mama yake mlango, akazalishwa na mkunga wa kutoka Paramus. Femmetje aliacha kula chakula cha jioni. Kila barua ilipofika kwa kanali alisimama nje akingoja jina la Dirck lisomwe.

Dirck aliachiwa Agosti, amekonda, vidole viwili vya mguu havipo. Kabla ya kufika nyumbani kwake alipitia kwa Femmetje, akakaa mezani. Femmetje akampa mkate na maziwa ya mgando.

"Lysbet ana hasira nami bado," Femmetje akasema.

"Hata mimi nilikuwa nayo. Mpaka Mei."

"Na sasa?"

"Sasa nina njaa, mama. Ongeza mkate."

Jumapili iliyofuata Dirck alikuja na mtoto. Lysbet alibaki langoni, lakini hakuondoka.