Pombe ya Ulezi Iliyotangulia Siku Yake

Mtanisamehe mwandiko wangu, na mahali nilipokosea herufi mrekebishe wenyewe mkiwa mnasoma. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Hata kusema huwa nasema kidogo. Lakini naona siku hizi, tangu biashara iwe ruksa, malori ya wanunuzi wa kahawa yanakuja Mbinga na makreti ya bia, na vijana wenzangu wanaona haya kushika kibuyu mbele ya watu. Nikasema pombe zetu nazo zipate mtu wa kuzitetea.

Mgeni akifika kwetu milimani, aonje kangara. Ni ya mahindi na asali. Huteleza kooni kama ya watoto, na ukisimama ndipo unajua haikuwa ya watoto. Akipata ulanzi, ambao ni maji ya mianzi michanga, aunywe asubuhi ungali mtamu, maana jioni unakuwa na hasira. Akiteremka ziwani Nyasa, aombe pombe ya mihogo, nyeupe na nzito, ambayo mtu akiinywa anaweza kulala bila ugali. Lakini mimi nikiulizwa, naitaja ya ulezi. Rangi yake ni ya udongo uliolowa. Ukiimeza unasikia uchachu kwanza, kisha utamu unaokuja kwa kuchelewa, kisha ubaridi kifuani hata kama jua ni kali. Hiyo siwezi kuieleza bila kueleza jambo lililotokea nyumbani kwa shangazi yangu, upande wa Liuli.

Shangazi, dada wa baba, aliolewa na mvuvi wa huko. Mume huyo alikuwa akipanda milimani kuuza usipa, wale samaki wadogo waliokaushwa, na akishauza alikaa kwa bibi yangu akinywa pombe ya ulezi. Alikuwa akisema ziwani hakuna pombe yenye baridi ndani yake. Wakaoana, wakakaa miaka mingi. Halafu siku moja mtumbwi wake ulirudishwa na mawimbi, yeye hakurudi. Walimtafuta mpaka kisiwani Lundo. Hakupatikana.

Ukoo ule wana desturi yao. Mtu asiye na kaburi hamalizwi matanga kwa sala za kanisani peke yake. Mjane anapika pombe kwenye chumba alicholala marehemu, na wazee wanaitwa siku maalumu. Mjane anakunywa wa kwanza mbele yao, na kata ya pili inamwagwa pale maji yanapogusa mchanga. Ikiwa nzuri, marehemu amemwachia. Ikiharibika, hajamwachia, na mjane anabaki chini ya ukoo, anarithiwa na ndugu wa mume. Mdogo wa marehemu alikuwa tayari anasubiri. Alikuwa ameshaanza kumletea shangazi samaki wabichi kila asubuhi, na shangazi alikuwa anawapa paka. Yeye alitaka kitu kimoja tu, kurudi milimani kwao.

Nilitumwa nikamsaidie. Nilipofika nilipiga magoti kwa mama mkwe wake, bibi mwembamba mwenye sauti kubwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ndiye huyu? Anaongea?"

"Anaongea, mama," shangazi alisema, "ila kwa mapumziko."

Bibi alicheka, na mimi nikaangalia chini.

Shangazi aliamua kupika ya ulezi, maana ndiyo mumewe aliyoipenda. Lakini kule ziwani hakuwa ameipika hata mara moja. Tuliotesha ulezi, tukaukausha, tukausaga kuwa kimea, tukapika uji wa mahindi katika chungu kikubwa, ulipopoa tukatia kimea. Halafu shangazi akafanya kama alivyofundishwa na mama yake. Akakizungushia chungu majani makavu ya mgomba, na juu yake blanketi, akafunga mlango. Kwetu ni lazima, kwa sababu ya baridi, na hata hivyo pombe huchukua siku nyingi. Ziwani ni joto usiku na mchana. Mimi sikuliwaza hilo, naye hakuliwaza. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi ya nyumbani kwao.

Wazee walikuwa wameitwa Jumamosi. Alhamisi, jua likiwa kichwani, tulikuwa uani tunachagua mboga, tukasikia chungu kinaanza kusema. Pombe yoyote husema, mnaofahamu mnajua. Huanza kama mvua ya mbali. Hii ilianza hivyo, ikawa kama mtu anayepumua kwa mdomo, halafu ikawa kama mtu mwenye maji kooni anayejaribu kuita. Ilikuwa inaacha, inaanza. Kuku waliokuwa kivulini chini ya dirisha waliondoka mmoja mmoja, wakaenda kusimama juani.

Bibi alikuja akasimama mlangoni. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeongea na mtu anayevaa nguo ndani, "Sema, baba. Tunakusikia."

Kukawa kimya. Halafu kifuniko kikaanguka ndani, na povu likatoka chini ya mlango.

Lilitoka jembamba, la rangi ya udongo, likashuka kizingiti, likapita uani. Halikutawanyika. Lilikwenda upande wa ziwa, mstari mmoja, likizunguka mawe. Bibi alinyoosha mkono kuzuia mtu yeyote asiliruke. Akalifuata taratibu, nasi nyuma yake, mpaka mchangani. Likazama kwenye mchanga kando ya ule mtumbwi uliorudi wenyewe, ambao tangu siku ile hakuna aliyekubali kuuvulia samaki.

Majirani walikuwa wameshajaa. Shemeji wa shangazi, yule mleta samaki, alikuja mbio.

"Mmeona? Amekataa! Pombe ameimwaga kabla ya siku. Shemeji, hakuachii huyo."

"Amekataa wapi?" alisema mama mmoja jirani. "Alipokuwa hai alikuwa anakunywa pombe ingali ya moto. Leo ndiyo asubiri Jumamosi?"

Watu wengine walicheka. Shangazi hakucheka. Nilikuwa nimemshika mkono, ulikuwa umepoa kama jiwe la kisimani.

"Nyamazeni," bibi alisema. "Imebaki chunguni?"

Nilikimbia nyumbani nikachungulia, nao wakanifuata. "Imebaki nusu, bibi."

"Basi itahukumu hiyo iliyobaki. Wazee nitawaeleza mimi. Leteni kata."

Tuliichuja palepale. Shangazi alipiga magoti mlangoni, akapokea kata kwa mikono miwili. Pombe iliyochemka kwa joto namna ile huwa inageuka siki, na mjane akikunja uso au akitema, yamekwisha. Niliangalia koo lake. Alikunywa yote, taratibu, akarudisha kata bila kufuta mdomo. Uso wake haukuonyesha kitu. Bibi akanywa. Akafumba macho kidogo, akampa mwanawe.

"Kunywa. Useme kweli, ndugu yako anasikia."

Shemeji alikunywa. Aliizungusha kata mikononi mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Ni nzuri," alisema, kama mtu aliyetolewa jino.

Nami nilionja baadaye. Sijawahi kunywa nzuri kama ile. Ilikuwa na ubaridi hasa, katika chumba ambacho hata kuta zilikuwa za moto. Bibi alimfungua shangazi kaniki ya matanga aliyojifunga kichwani, akaipeleka yeye mwenyewe majini pamoja na kata ya pili. "Amekunywa, ameshiba," alisema aliporudi. "Nenda kwenu, mama."

Asubuhi yake nilisafisha chumba. Nilimwaga maji kizingitini ili kuondoa utando wa pombe. Maji yakaenda nyuma, upande wa shamba la mihogo. Nikamwaga tena, mengi zaidi. Yakaenda kwenye mihogo. Ua ule umeinamia huko, hata kwa macho unaona. Upande wa ziwa ndio ulioinuka kidogo, kuna kama kituta cha mchanga kabla ya kushuka majini, na povu lilikipanda.

Nikamwita shangazi, nikamwaga mbele yake. Alitazama maji yanavyokwenda.

"Funga mizigo," alisema. "Na usimwambie bibi."

Tuliondoka na lori la kwanza. Sasa yuko huku milimani, anapika pombe ya ulezi inayosifiwa na wote, hata wale wa bia. Lakini chungu kikianza kusema, yeye hutoka, anakwenda kusimama barabarani mpaka kinyamaze. Wateja wanadhani anapunga upepo. Amekataa posa ya mtu mwema, akasema hana uhakika kama kweli ameachiwa.

Kwa hiyo naomba mniandikie. Mnitajie pombe za kwenu ambazo hatuzijui, na namna ya kuzipika. Na kama yuko kati yenu aliyewahi kuona povu likipanda kilima, na anajua sababu yake, aniandikie hiyo kwanza. Nitaisoma polepole, kisha nitamsomea shangazi.