Mama Mkubwa Hajaonja

Mama yangu aliolewa mke wa pili katika boma lililoko nyuma ya Ahero, mahali ambapo jua linaweza kuwaka wiki nzima na bado mkafurika, kwa sababu mvua inanyesha milimani na mto ndio unaotuletea salamu zake. Kwa hiyo alikuwa mtu wa kuweka. Ndani ya nyumba yake ya matofali kulikuwa na dari ya miti ya mikaratusi, imara kuliko kitanda chake, na juu yake kila kitu cha siku mbaya: makaa, jiko, viberiti vilivyofungwa kwenye nailoni, chumvi, sukari, majani ya chai, debe la omena, wale dagaa wa ziwani, waliokaushwa. Na mahindi. Mahindi ndiyo yalikuwa fahari yake.

Mama mkubwa, yaani mke wa kwanza wa baba, alimcheka kwa hayo yote. Kwa Kijaluo huyo huitwa mikayi, na hakuna siku aliyokuacha ulisahau jina hilo. "Wewe unaita mafuriko," alimwambia mama mbele ya wageni. "Mtu akinunua sanduku la maiti kabla hajaugua, utamwitaje?" Wageni walicheka. Mama naye alicheka, maana mke mdogo hufundishwa mapema kucheka.

Boma la kwetu lina foleni. Mke wa kwanza ndiye anayepanda kwanza, ndiye anayevuna kwanza, na ndiye anayepika kwanza mavuno mapya. Kabla hajaonja yake, nyumba ya pili haigusi ya kwake, hata yakijaa mpaka kwenye mabati. Ukiruka foleni, chira inaingia nyumbani: mtu anakonda, anakonda, hospitali haioni kitu, na mara nyingi inaanza na mtoto. Ndivyo tulivyolelewa. Mimi nilisoma, nikaishi mjini, mtaa wa Manyatta, miaka mingi nikishona nguo, nikajiona nimeyaacha hayo kijijini. Kisha ndoa ikanishinda, nikarudi kwa mama na binti yangu wa kunyonya, nikayakuta yananingoja.

Mwaka huo tulivuna vizuri. Mama mkubwa alivuna pia, akapanga magunia yake sakafuni, moja juu ya jingine, karibu na mlango ili wapita njia wayaone. Halafu, kabla hajapika hata kikombe kimoja, alifunga nyumba aende Pap Onditi kwa binti yake aliyekuwa amejifungua. Alijua. Mtu asiniambie hakujua. Unga wetu wa zamani ulikuwa umebaki wa kukwangua, na alimwona mama akiukwangua. Mama alimfuata mpaka langoni, akamwomba kwa heshima zote aonje kwanza ndipo asafiri.

"Uko na haraka ya nini?" alisema mama mkubwa. "Si wewe ndio wa kuweka weka? Basi weka."

Mto ulivunja kingo mchana kweupe, watu wakianika nguo. Majirani walihamia shule ya msingi iliyo kwenye mwinuko. Mama alikataa. Akiondoka, alisema, magunia nayo yataondoka, kwa mtumbwi wa mtu mwingine. Tukapanda juu ya dari, mama, mimi na mtoto, maji yakipita chini yetu na masufuria ya watu. Tulikuwa tumekalia chakula, na tulikuwa na njaa. Hata sasa nikiliandika hilo naona upuuzi wake, lakini pale juu halikuwa na kichekesho chochote.

Vitu vya dukani havikuwa na mwiko. Tulikula omena bila ugali mpaka omena wakaisha. Tulikunywa chai ya rangi. Maziwa yangu yakaanza kukauka, mtoto akawa ananyonya, anaacha, ananitazama kama mtu aliyedhulumiwa, kisha analia. Nikampigia simu mama mkubwa.

"Mama, maji imejaa kwa nyumba," nilimwambia. "Mtoto hana kitu. Tafadhali rudi uonje, ama useme tu tupike."

Nyuma yake nilisikia vyombo na watu wakicheka. Yeye mwenyewe alikuwa anatafuna.

"Kwani mimi nimewakataza?" alisema. "Mahindi ni ya mama yako. Pikeni, mkule mshibe. Lakini nyathi akianza kukonda, msinipigie simu."

Nyathi ni mtoto. Alitamka neno hilo kwa upole kabisa, kisha akakata.

 Nikasema huyu mwanamke ana roho ya kutu, nikashika kamba ya gunia. Mama hakunizuia. Alimchukua tu mtoto, akamlaza kifuani, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Wewe huamini chira?"

"Siamini."

"Basi fungua."

Fundo lilikuwa jepesi, la kuvuta tu. Nikamtazama binti yangu. Miguu yake ilikuwa imeanza kuwa myembamba, kwa njaa, najua ilikuwa njaa, na bado ile sauti ya kwenye simu ilikuwa sikioni. Vidole vilikataa. Namchukia mama mkubwa kwa mambo mengi, lakini kubwa ni hilo: alijua ninaogopa kabla mimi sijajua.

Tuliponea uji wa watu. Jirani mmoja alikuja kwa mtumbwi kuangalia paa lake, akatukuta juu ya magunia, akashangaa. "Mama, si mko na chakula?"

"Haijaonjwa," mama akamjibu.

Jirani aligeuza mtumbwi papo hapo. Alikwenda shuleni akarudi na jagi la uji wa msaada, na siku zilizofuata akaendelea kutuletea.

Maji yalipopungua, mama mkubwa alirudi amenenepa. Magunia yake ya sakafuni yalikuwa yamechipua na kunuka. Nilifurahi sana, sitaki kudanganya. Nilidhani Mungu amekata kesi. Kisha nikaona uso wa mama, nikaelewa. Kama mke wa kwanza hana mavuno, ataonja nini? Na asipoonja, sisi je?

Baba alikuwa amekwisha kufa, hivyo jambo likapelekwa kwa baba mdogo, ndugu yake. Alikuja amevaa buti za mvua, akaketi nyumbani kwa mama mkubwa, akanywa chai yake, akasikiliza pande zote mbili, yaani ule mmoja. Akaamua kwamba mahindi ya mama yaingie nyumba ya kwanza kama mavuno ya boma, mikayi aonje, halafu yeye ndiye atugawie.

"Yote?" niliuliza.

"Wewe uliolewa ukarudi," baba mdogo alisema bila kunitazama. "Hapa hakuna kiti yako."

"Yote," alisema mama mkubwa.

Mama aliyahamisha mwenyewe, beseni kwa beseni, kichwani, akikanyaga matope. Nilimsaidia nikilia kwa hasira, naye akaniambia ninyamaze, watu wanasikia. Mama mkubwa akachemsha, akaonja, akasema yana unyevu kidogo.

Jioni mama alisimama mlangoni kwa mama mkubwa na bakuli. Nilikuwa nyuma yake, mtoto mgongoni. Mama mkubwa alichukua gorogoro, mkebe ule wa kupimia nafaka sokoni, akachota mpaka ukafanya kilima. Muuzaji yeyote wa Ahero, hata mchoyo, humwachia mteja kile kilima. Yeye alipitisha kiganja juu ya mkebe, polepole, punje za ziada zikarudi guniani. Kilichobaki akakimimina kwenye bakuli.

"Ikiisha mniambie mapema," alisema. "Sipendi watu wa kuja kuja hapa."

Mama alipokea kwa mikono miwili. "Erokamano, mikayi," alimshukuru. Nilisikiliza sana nione kama kulikuwa na kejeli ndani yake. Haikuwemo.