Nimeshindwa kumuozesha mtoto wa kaka yangu kwa sababu ya Wi-Fi ambayo ilikuwa nzima

Wakuu, habari za muda huu.

Nimekaa siku nne bila kuandika kwa sababu nilijua nikishika keyboard nitatukana. Sasa nimepoa kidogo. Kidogo tu. Sitii chumvi hata chembe, yote yamenitokea sebuleni kwangu hapa Ilford, London, na watu kumi na mbili walikuwepo wakiangalia.

Kwanza mjue nilichokuwa nakisubiri.

Marehemu kaka yangu ameacha binti, Rukia, yuko Wete, Pemba. Tangu baba yake afariki nampigia kila Ijumaa nikitoka msikitini. Alipochumbiwa alitaka jambo moja tu: ami yake wa London ndiye awe walii wake, yaani wa kumuozesha. Mdogo wangu Salum yuko hapo hapo Wete, naye ni ami yake vilevile, lakini mtoto alinitaja mimi.

Kusafiri isingewezekana. Nafanya kazi care home, na likizo za mwezi ule zilishagawiwa. Sheikh wa kule akakubali nimpe uwakala wa kufungisha ndoa kwa video call, kwa masharti mawili: anione nimekaa na mashahidi wawili ubavuni, na maneno yangu yasikike kamili.

Ndiyo maana nilitaka laptop, niiunganishe na TV, watu wote waenee. Simu ingeonyesha pua yangu tu.

Sasa laptop yenyewe ilikuwa na operating system ya zamani. Kila nikiwasha inanitisha kwamba haina ulinzi tena. Nikaipeleka Tottenham kwa fundi wetu, nitamwita Makame. Najua mtasema London imejaa maduka ya kompyuta. Wakuu, sisi huku kama yupo mtu wa kwetu hatuendi dukani. Anajua baba yako alikuwa nani, utamwachaje?

Makame akaipiga operating system mpya, safi, inang'aa. Wakati ananikabidhi akaniambia, "Nimekutilia na nyongeza humo." Nikamshukuru, tukaagana.

Nyumbani ndipo yalipoanza.

Ukurasa mmoja unafunguka kama mzee anapanda ngazi. Video inacheza sekunde tatu, kiduara kinazunguka mpaka unasinzia. Simu yangu kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, kochi hilo hilo, inapaa!

Nikapigia kampuni ya internet. Nikasikilizishwa muziki mpaka nikaujua. Akaja dada mmoja akaniambia nizime router, nihesabu, niwashe. Nikamwambia simu iko fasta, laptop ndiyo mbovu. Akaniambia nizime router, nihesabu, niwashe. Mara tatu, wakuu! Mtu mzima nimepiga magoti nyuma ya kabati nahesabu.

Nikahamia kwa mke wangu. Router yetu ameifunika kitambaa cha kudarizi, kama alivyofunika TV, microwave na kila kitu chenye umeme humu ndani. Nikakivua kwa hasira, nikaihamishia router juu ya meza ya chakula. Tumekula wali siku tatu na taa za kijani zinatukonyeza. Laptop iko vilevile. Kitambaa kilikuwa hakina kosa, na hilo nimekumbushwa mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Nikaingia YouTube kwa simu. Nikafuta driver ya Wi-Fi, nikaweka nyingine. Nikafanya update zote. Nikazima ile setting ya kubana umeme wa betri. Hakuna kilichobadilika.

Hapa sasa nacheka kwa uchungu. Siku zile zote matangazo kwenye laptop yalikuwa ya viwanja Kigamboni na mabati. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi! Nikamwita mke wangu, "Njoo uone, mashine imeshatujua sisi watu wa wapi." Akaja akaona, naye akafurahi.

Siku moja kabla ya ndoa tukajaribu na Salum. Picha ikaganda, sauti ikakatika vipande vipande.

Na hapa ndipo ninapojichukia. Mimi na Salum, wote wawili, tulikubaliana palepale bila kubishana kwamba tatizo ni internet ya Pemba. Nilimwambia, "Hiyo mitandao yenu hiyo." Akaniomba radhi! Akahangaika kutafuta mtu mwenye bando la nguvu. Mtu yuko London hata hawazi kwamba ubovu unaweza kutoka kwake.

Siku ikafika. Kanzu imepigwa pasi, mashahidi wangu wamekaa kulia na kushoto, jamaa wamejaa mpaka kwenye ngazi. Kule Wete ni baada ya Alasiri. Simu ya Salum imeelekezwa kwa sheikh na bwana harusi.

Sheikh akanipa ishara. Nikaanza, "Nimekuwakilisha..."

Ikaganda.

Ikarudi. Sheikh akasema, "Sikusikia. Rejea."

Nikarejea. Nikafika kwenye jina la Rukia, ikaganda tena.

Mara ya tatu nilipiga kelele, kana kwamba kelele zinaongeza speed. Sauti ya sheikh ikatufikia imechelewa, taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma: "Maneno hayajatimia, na mie nna ndoa nyengine Chake. Ami yake mwengine yuko hapa. Ataozesha yeye."

Nikakimbilia simu yangu iliyokuwa kwenye chaji jikoni. Nikampigia Salum. Hakupokea. Angepokeaje? Simu yake ndiyo iliyokuwa inatuonyesha sisi.

Nikarudi sebuleni. Kwenye TV kulikuwa na picha moja imesimama: mkono wa Salum umeshika mkono wa bwana harusi. Ikakaa hivyo muda mrefu. Ilipotikisika tena, watu wanagawiwa halua.

Mke wangu akaanza kukusanya vikombe ambavyo watu walikuwa hawajamaliza kunywa.

Kesho yake nikataka kuingia benki kwa laptop ile ile. Benki ikanizuia, inaniuliza kama kweli niko Tanzania.

Niko Ilford! Nimekaa na soksi!

Nikatazama vizuri kona ya chini, karibu na saa. Kuna kidude kama kifunguo. Nikakibonyeza. VPN, connected, Dar es Salaam. Yaani wakuu, kila kilichotoka kwenye laptop yangu kilikuwa kinapelekwa kwanza Dar, kwenye VPN ya bure inayogombaniwa na watu sijui wangapi, ndipo kiende kinakokwenda. Na kujiwasha, ilikuwa inajiwasha yenyewe.

Nikazima. Kubonyeza mara moja tu. Laptop ikaruka kama imetolewa pingu.

Nilimpigia Makame hapo hapo.

"Ile ndiyo nyongeza niliyokwambia," akasema. "Ukae uangalie mpira wa nyumbani bila ya kuzuiwa."

"Lakini mimi sikukuomba!"

"Sasa nyongeza huombwa, sheikh wangu?"

Akaniuliza kama mpira wenyewe niliuona. Nilikata simu, mengine yangekuwa dhambi.

Lakini nikikaa peke yangu najua na mimi nimo. Muuza machungwa akikutupia moja la juu humuulizi limetoka wapi, unasema ahsante. Nikaipokea nyongeza ya kompyuta vivyo hivyo. Laptop si fungu la machungwa, wakuu. Fundi akikwambia amekuongezea kitu, hata kama ni mtoto wa mjomba wako, usiondoke mpaka akuonyeshe kilipo na kinavyozimwa. Na kama simu iko fasta na laptop inasota kwenye Wi-Fi moja, acheni kupigia kampuni, tazameni kilichoingizwa kwenye laptop. VPN muitazame mwanzo kabisa.

Ndoa imesihi, alhamdulillah. Salum ni walii kamili na simlaumu kwa lolote.

Jana Rukia amenipigia mwenyewe.

"Ami, siku ile nlikuwa chumbani nasikiliza. Nlisikia mwanzo tu. Ulikuwa unataka kusema vipi?"

Nikamwambia hayo yalishapita, mwanangu.

"Nambie tu."

Nikasimama pale jikoni nikayasema yote, jina lake, jina la baba yake, jina la mumewe, mpaka mwisho, na hayakukatika hata neno moja. Kukawa kimya kidogo, nikadhani tena imeganda. Kisha akasema, "Haya ami. Sasa nimeozwa."

Uwanja ni wenu wakuu, nikosoeni, nichekeni, na aliyewahi kutiliwa nyongeza kama hii aseme. Ila yule atakayekuja kuniuliza kwa nini sikutumia simu tangu mwanzo, akae akijua mke wangu ameshamtangulia.