Namba Tasa ya Shemeji

Shemeji yangu ni mwalimu wa hesabu, na kwa majivuno yake ungedhani namba zote kazizaa yeye. Wanafunzi humwita Bwana Tasa, kwa ajili ya 108,401,041, aliyoiandika kwa chaki juu ya mlango wa sebule na kumkataza dada yangu kuifuta. Miaka minne alihangaika kuthibitisha kuwa ni namba tasa, yaani haina kigawo ila moja na yenyewe. Kila jioni aliigawa kwa mkono, akajaza madaftari kumi na manne, huku bomba la jikoni likivuja na yeye hana habari.

Hayo ningemsamehe. Ila neno lenyewe lilimnogea mdomoni. Dada, fundi cherehani, ana miaka tisa ya ndoa na hajapata mtoto. Basi kila mgeni aliyeuliza habari za namba ile alijibiwa kwamba nyumba hii ina tasa wawili, mmoja juu ya mlango, mwingine kwenye cherehani. Kisha anacheka peke yake. Dada alikwenda hospitali mara tatu, akaambiwa hana tatizo, aje na mumewe. Mume akasema yeye anajijua, hana haja ya kupimwa. Nilimchukia kutoka moyoni.

Jumapili moja alimwita mama yake, na sisi wa upande wa mke, ili dada arudishwe kwetu. Akatuanzia na hotuba ya namba, maana ndiyo kwanza alikuwa ameimaliza. Ameigawa kwa kila namba tasa hadi elfu kumi na mia nne na kitu, na zote zimeacha baki. Alianzia kumi na moja, alisema. Za chini yake ni za watoto, alizimaliza kichwani.

Dada hushona mashati ya shule, vifungo saba kila shati, kwa hiyo kugawa kwa saba ndiyo kazi yake ya kila siku. Alichukua chaki yake ya kukatia nguo, akagawa pale pale mezani mpaka mwisho. Hakikubaki kitu.

"Saba inaingia, Mwalimu," alisema. "Namba yako ina watoto wawili."

Mdharau mwiba mguu huota tende. Shemeji alirudia hesabu mara tatu, jasho likimtoka, na saba ikaingia mara zote tatu. Mama yake, ambaye hesabu hazijui wala hazimhusu, aliuliza kuna nini.

"Amepima zaidi ya elfu moja, mama," dada alimjibu. "Akairuka ile aliyosema anaijua."

Mama mkwe alimgeukia mwanawe. "Na wewe hospitali ulipimwa lini?"

Bwana Tasa alipanda kiti, akaanza kuifuta namba kwa mkono wa shati. Mama yake alingoja amalize, ashuke, akamuuliza tena.