Mstari wa Tatu

Kila mwaka nawafundisha wanafunzi wangu wa Maretadu kwamba “neno” limetokana na “kunena”. Mtu hunena kwanza, nawaambia, neno huzaliwa hapo. Nilidhani naelewa ninachofundisha, hadi baba yangu alipopata kiharusi akakata kauli.

Kwetu Tumati, baba ndiye aliyekuwa akiongoza baraka. Alitamka mstari mmoja kwa Kiiraqw, akanyamaza, wazee wakaitikia kwa pamoja, ndipo akaendelea na wa pili.

Likizo nzima nilimkalisha kitandani na kadi nilizokata kwenye karatasi ya manila. “Sema maji. Sema uji.” Nilimfokea mzazi wangu kama mtoto wa darasa la kwanza, mpaka akageukia ukutani. Mama akaninyang'anya zile kadi.

“Huyu si mwanafunzi wako,” alisema.

Siku ya kurudi kazini, nikiwa sina tena la kufanya, nilikaa miguuni pake nikaanza ile baraka yake. Nilitamka mstari wa kwanza, nikanyamaza kama alivyokuwa akinyamaza yeye. Ikatoka sauti nzito kifuani mwake. Aliitikia.

Nikatamka wa pili. Akaitikia tena. Mama akaacha kuchambua maharage.

Kisha baba akanikazia macho, akisubiri wa tatu. Nami, mwalimu wa lugha, mwanawe wa kumzaa, nilikuwa siujui.