Majambazi wa Majabali Mekundu

Marehemu baba alikuja Tanga kukata mkonge, akitokea Unyamwezi kwa miguu, na hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya majambazi. Walimvamia kwenye majabali mekundu, nyuma ya Handeni, wakamnyang'anya blanketi lake la kijivu lenye mstari mwekundu. Kwa kawaida walikuwa saba. Akiwa na homa walifika hata kumi na wawili. Alifariki bila yeyote kati yetu kuyaona majabali hayo.

Mwaka niliokwenda mimi, sabuni ilianza kurudi madukani na mitumba ikajaa sokoni Makorora. Mimi, niliyevuka miaka ya foleni kwa makatambuga ya matairi, nikajinunulia raba nyeupe. Kiatu kizuri humwasha mwenye nacho. Nikamwambia mke wangu kwamba nakwenda kupaona pale baba aliponyang'anywa.

"Unakwenda kutazama mawe?" Mwanaidi akauliza.

"Mawe mekundu."

"Mekundu," akasema, akaendelea kuchambua mchele. "Haya. Ila viatu hivyo virudi."

Muheza nilibadili gari, nikala machungwa mpaka meno yakafa ganzi. Handeni nililala. Asubuhi lori la mahindi likanishusha Kwemabwe, kijiji cha vumbi jekundu, ambako hata mbuzi weupe ni wekundu.

Ofisini kwa kijiji, katibu alinipekua mfuko akitafuta magendo. Nilimwambia vitu siku hizi ni ruksa. Akajibu kwamba ruksa ameisikia redioni tu, na mtu anayesafiri kutazama mawe lazima ana jambo. Mwishowe akanipa wa kuniongoza, ili arudi na habari zangu. Huyo alikuwa Semhando, Mzigua wa rika langu, peku, sime kiunoni, mpole kama shemeji mpya. Alining'ang'ania mpaka nikamwachia mfuko wangu aubebe.

Tulipokwisha kuipita migunga, majabali yakatokea, yamesimama bila jani wala kivuli, mekundu kama matofali yaliyotoka tanuru. Joto lilipanda kutoka chini. Semhando alinionyesha pa kukanyaga, akaniita "mgeni wetu", akaniondolea miiba njiani.

Katikati ya mlima akauliza, kwa kuzungumza tu, "Wewe ni wa Tanga asili?"

"Nimezaliwa huko. Baba alikuwa Mnyamwezi."

Akasimama. Akautua mfuko wangu chini. Upole wote ukamtoka usoni.

"Mnyamwezi! Kaa chini uvue viatu."

"Kwa nini?"

"Mali yangu imekuja kwa miguu yake, halafu inaniuliza kwa nini!"

Nikakumbuka. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani huchukua kilichompendeza, na ukikasirika aibu ni yako. Nilikuwa nimeuona utani misibani, watani wakilala kaburini mpaka wapewe chochote, nami nikicheka na wengine. Sikuwahi kuufikiria kutoka upande wa miguu yangu.

"Zina fangasi," nikajaribu.

"Fangasi za Mnyamwezi ni dawa."

"Mke wangu ataniua!"

"Akikuua, kukuzika ni kazi yangu. Sitakusumbua."

Akazivaa. Zilimbana, akatembea kama kuku aliyefungwa kamba. Nyuma yake nilifuata nikirukaruka juu ya mwamba wa moto, na kila nilipoguna aliniambia kwa furaha, "Marehemu, jikaze!"

Kileleni kulikuwa na jabali bapa. Semhando akalipiga kwa kisigino cha raba yangu.

"Hapa ndipo mzee wangu alipomvua Mnyamwezi mmoja blanketi. Wa mkonge. Alilia huyo! Mzee akamhurumia, akampeleka nyumbani, Mnyamwezi akala ugali wetu mpaka miguu ikapona."

"Blanketi gani?"

"La kijivu. Lina mstari mwekundu. Nimezaliwa ndani yake."

Nikauliza, "Waliomnyang'anya walikuwa wangapi?"

"Wangapi vipi? Mzee wangu peke yake. Mfupi, tena ana kibiongo."

Nilicheka mpaka nikajisahau nikakaa chini, na mwamba ukaniinua upesi. Nilipomweleza kwamba yule mliaji ni baba yangu, Semhando aliitazama kwanza miguu yangu peku. Kisha akavua kiatu kimoja akanikabidhi.

"Hiki cha mwana wa marehemu. Kingine changu."

Tukateremka hivyo, kila mmoja na mguu wake wa raba, yeye kulia, mimi kushoto, tukichechemea kwa zamu.

Nyumbani kwake tulikula kisamvu. Pembeni mwa jiko kuku alikuwa anaatamia juu ya tambara la kijivu, mstari mwekundu ukionekana kwa shida. Sikuomba. Nililivuta, kuku akapiga kelele, mayai yakabingirika, mke wa Semhando akatukana. Semhando peke yake alifurahi.

"Sasa ndiyo umefika," akasema.

Jioni lori lilinirudisha Handeni, kesho yake nikashuka Tanga. Njiani nililiweka lile tambara magotini. Lilinuka mavi ya kuku, nami nikalishika barabara. Nilichojifunza ni hiki: aliyenyang'anywa na mtani hana pa kushitaki, wala hana haki ya kununa. Kilichobaki ni kuamua waliomnyang'anya walikuwa wangapi.

Mwanaidi alikuwa mlangoni. Alitazama mguu wa kushoto, akatazama wa kulia.

"Kingine?"

"Majambazi," nikasema.

"Wangapi?"

Nikalisukuma tambara ndani zaidi ya mfuko.

"Saba."