Mdogo Mtu Anayedai Jimbo Washington

Ndani ya basi la kwenda mtaa wa Digbeth, huku ughaibuni, mama mmoja wa Kizanzibari aliyekaa mbele yangu aliongea na mdogo wake aliye Washington, mji mkuu wa Marekani, simu kaiweka spika.

"Na baridi hiyo, wewe wasimama njiani na bango eti mji wenu uwe jimbo?"

"Dada, kodi nakatwa kama Wamarekani wote, lakini mjumbe wetu bungeni hana kura. Mji wetu kama nyumba yenye harusi: wageni wote wana kauli, mwenyewe anaambiwa apishe."

"Na wakikataa?"

"Wameshakataa. Jumamosi tunarudi."

Dada mtu akarekebisha mtandio wake.

"Basi vaa soksi mbili."

Nimewasikia wengi wakiunga mkono wanaodai haki. Huyu ndiye wa kwanza kufikiria miguu yao.